Mgeni Mpe Majivu

"Mgeni mpe majivu kwanza, maswali baadaye." Mmeisikia leo mkacheka, mkadhani ni tusi. Si tusi. Methali hii ilianza hivi, katika banda moja la kubangulia korosho huko kusini, na walioianzisha hawakuwa na hekima yoyote siku hiyo.

Palikuwa na mama mmoja, Somoe, fundi wa kutoa punje nzima bila kuivunja. Lakini umri ulishaanza kumpunguzia kasi, na kila msimu msimamizi aliachisha wanawake wawili watatu. Kwa hiyo asubuhi moja alipoletwa msichana mgeni, Asumini, akaketishwa naye mkeka mmoja, Somoe aliona nafasi yake inachukuliwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu, alijiambia, hakuja kumponya mtu.

"Shikamoo, mama," alisema Asumini.

Somoe hakuitikia. "Nani kakuleta?"

"Msimamizi, mama."

"Kakuweka kwangu kwa nini? Na huko ulikotoka, kazi uliiachaje?"

Msichana akainamisha kichwa, asijue aanze na lipi. Anayenyamaza ana la kuficha, Somoe akawaza.

Sasa, mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Ndiyo maana wabanguaji walipita kwanza jikoni, nyuma ya banda, wakajipaka majivu mikononi kabla ya kuketi. Somoe akawanong'oneza wenzake, "Mtu yeyote asimwonyeshe huyu majivu mpaka tujue katumwa na nani." Nao, kila mmoja akiihofia nafasi yake, wakafunga midomo. Watu wazima hao, tena wenye watoto!

Siku mbili Asumini hakubandua macho kwenye mikono ya Somoe. Ananipima, Somoe aliwaza, jioni anapeleka habari. Siku ya tatu msichana akawa anabangua kidogo, kisha anaificha mikono ndani ya kanga. Kikulacho ki nguoni mwako. Somoe akasimama mbele ya banda zima.

"Hebu fungua hiyo kanga! Umeficha nini?"

Asumini akafungua. Hapakuwa na korosho ya wizi wala daftari la mpelelezi. Palikuwa na vidole vilivyobabuka, ngozi imechunika hadi kwenye viganja.

"Nilikuwa naitazama mikono yako, mama," alisema, "nijue kwa nini haiungui."

"Si ungeuliza!"

"Ningeuliza saa ngapi? Kila nikifungua kinywa, naulizwa mimi."

Somoe aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu aolewe. Akamshika msichana kiwiko, akampeleka jikoni, akamwosha taratibu na kumpaka mafuta ya nazi. Mwishowe akasema, "Marahaba, mwanangu."

Salamu ya siku tatu ndiyo kwanza inaitikiwa. Asumini akacheka huku machozi yanamtoka.

"Chai yako huwa unatia tangawizi?" Somoe akauliza.

"Kwetu tunatia mchaichai. Bibi yangu anaupanda mlangoni."

"Ehe, nieleze habari za huyo bibi."

Wakaongea mpaka birika likachemka na kupoa. Ndipo, bila kuulizwa, Asumini akasema, "Msimamizi alitaka nijifunze kwako. Anasema msimu ujao wageni wote watapitia mikononi mwako kwanza, na wewe hutaachishwa. Nilidhani umeambiwa."

Somoe akaketi juu ya kuni. Jibu alilolitafuta siku tatu kwa kumhoji mtoto wa watu, limekuja kwa kikombe cha chai, na mikono imeshaungua.

Ilipona, lakini alama zilibaki, na Somoe aliziona kila siku waliyokaa pamoja. Msimu uliofuata mgeni mwingine alipofika, alimkuta Somoe mlangoni na kopo la majivu mkononi. Jirani akanong'ona, "Huyu naye katumwa na nani?"

"Sijui," Somoe akajibu, akimpaka mgeni kidole kimoja kimoja. "Mgeni mpe majivu kwanza, maswali baadaye."