Mshenga Aliyelala Hotelini

"Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake."

Bi Tausi alisema hivyo bila kuinua macho, vidole vyake vikiendelea kusuka nywele. Wasichana watatu waliokuwa wakisubiri zamu zao walikuwa wamemaliza saa nzima wakimhusudu mwenzao Salha, aliyeolewa kwenye nyumba ya vigae na mume mwenye gari. Waliposikia habari ya kunguni wakacheka. Kisha mmoja wao akauliza, "Bibi, neno hilo nani alilianza? Kunguni na ndoa wapi na wapi?"

"Ndoa ndiyo iliyolizaa," alijibu Bi Tausi. "Tulieni, niwape chimbuko lake."

Zamani za garimoshi la makaa palikuwa na fundi cherehani aitwaye Mhina Semkiwa. Alikuwa hodari wa kushona makoti, na hodari zaidi wa kuyavaa. Mpwa wake, Kibwana, alimpenda Mwantumu, binti wa Mzee Nyange wa Stesheni, mji mdogo uliopewa jina hilo kwa kuwa garimoshi lilisimama hapo. Posa ya kwanza ilikwama. Mshenga alichelewa siku nzima, na watu wa Stesheni wakasema hawaozi binti yao kwa watu wasiojua saa. Ndipo Kibwana akamwendea mjomba wake.

"Mjomba, wewe una maneno. Nenda mwenyewe na mama. Wakikukataa wewe, basi tena."

Mhina akaenda na dada yake mkubwa, Bi Kidawa, mama yake Kibwana. Walifika Stesheni jioni, nao walitakiwa kwa Mzee Nyange asubuhi ya pili yake. Bi Kidawa alikuwa na shoga yake pale mjini, naye akawatandikia mikeka, kila mmoja chumba chake. Mhina akautazama mkeka, kisha akalitazama koti lake.

"Dada, mimi ni mshenga. Nikilala chini leo, kesho nitasimama vipi mbele ya wakwe?"

"Mkeka haujamuua mtu, Mhina."

"Wala haujampa mtu heshima."

Mkabala na stesheni palikuwa na hoteli yenye milango ya buluu na mapazia ya lesi. Mwenye hoteli alimfungulia chumba cha mbele na kumwambia kwamba hata Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alipata kulala humo. Hakusema Bwana Shauri aliamkaje, na Mhina hakuuliza. Alikuwa amekwisha kukiona kitanda. Kilikuwa cha chuma, kina vichwa vya shaba, kimetandikwa shuka nyeupe pe, tena iliyonyunyiziwa marashi mengi hata pua ikawasha. "Wenye vyao ni wenye vyao," Mhina akawaza. "Hata godoro wanalitia marashi!"

Alipozima taa tu, kitu kikamfinya shingoni. Akajipiga kofi. Kikamfinya kiunoni, halafu nyuma ya goti, halafu mahali ambapo mshenga hapataji. Akawasha taa na kuinua shuka. Maisha yake yote alikuwa ameangalia mishono, lakini hakuwahi kuona mshono unaotembea. Kunguni walikuwa wanatoka kwenye godoro lile kwa safu, bila haraka, kama watu wanaojua kwamba chakula hakina pa kwenda.

Akahamia kwenye kiti. Kumbe kiti nacho kilikuwa na wenyeji wake. Mwishowe yule aliyekataa mkeka akajilaza kwenye saruji tupu, amejifunika koti lake. Kunguni hawana kiburi, wakamfuata pale pale chini, na waliochoka kutembea wakaingia ndani ya bitana ya koti wakatulia.

Asubuhi mwenye hoteli alimuuliza, "Umeamkaje, bwana?"

"Salama. Nimelala fofofo," Mhina akajibu, kwa maana angewezaje kusema vingine?

Bi Kidawa naye, aliyekuwa ameamka na uso mkunjufu, akamkagua. "Mbona macho mekundu?"

"Usingizi umezidi, dada. Kitanda kile! Ungekiona!"

Wakafika kwa Mzee Nyange. Ukumbi ulikuwa umetandikwa mikeka mipya ya rangi, iliyosukwa na Bi Mwanahawa, nyanya yake Mwantumu, kwa ajili ya siku ile. Bibi mwenyewe alikaa ukutani akiangalia kila mgeni anavyokaa juu ya kazi yake. Mwantumu alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha ndani.

Mhina akaanza vizuri. Alisalimu, akasifu mji, akasema wao ni wapita njia walioona ua zuri na sasa wanabisha hodi kwa mwenye bustani. Wazee wakatikisa vichwa. Lakini ukumbi ulikuwa na joto, na joto likawaamsha wale wa kwenye bitana. Mhina akajikuna bega. Akajikuna ubavu. Akakaa upande huu, akageukia upande ule. Bi Mwanahawa akamtazama, akautazama mkeka wake, akamtazama tena.

Mzee Nyange akasafisha koo. "Bwana Mhina, maneno yako ni matamu. Tuambie sasa, nyinyi mnamtaka binti yetu kwa moyo mweupe?"

Na hapo hapo kunguni mmoja, mkubwa kuliko wenzake, akamng'ata Mhina chini ya kwapa.

"A-a!" akapiga kelele.

Nyuma ya pazia kikasikika kitu kimeanguka.

"Umesema a-a?" akauliza Mzee Nyange.

"Sikusema a-a, mzee! Nilisema... ni harara tu. Ni joto."

"Harara!" Bi Mwanahawa alikuwa tayari amesimama. "Tangu umekaa unajikuna kama uliyekalishwa jalalani. Mkeka wangu una nini?" Kisha akainama, akanyoosha kidole. Juu ya ukili mweupe wa mkeka, akitokea kwenye mkono wa koti la mshenga, kunguni alikuwa anakwenda zake polepole. "Kunguni! Kwenye mkeka wangu! Semeni wenyewe: mmemleta au mmemkuta?"

Bi Kidawa akamnong'oneza ndugu yake, "Mhina, mwanangu anaoa au haoi?"

Mhina akajua kwamba njia ni mbili tu. Akinyamaza, aibu itabaki kwa bibi wa watu, na posa itakufa pale pale. Akisema, aibu itakuwa yake, na mji mzima utaijua kabla ya adhuhuri. Akamkumbuka Kibwana alivyosema "basi tena". Akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalivua, akaligeuza bitana juu ili wote waone.

"Tumemleta, mama. Ni wangu huyu, na wenzake hawa. Nimelala hotelini. Niliudharau mkeka wa shoga yake dada, nikaenda kutafuta heshima kitandani. Sikupata hata lepe la usingizi. Nimedanganya tangu asubuhi."

Mzee Nyange akashika kidevu. "Hoteli ile? Ile yenye mapazia? Bwana Mhina, miaka minane napita pale na mzigo wangu wa muhogo kichwani, nakichungulia kile kitanda cha shaba dirishani, namwomba Mungu anijalie usiku mmoja tu nilale kama watu!"

"Mzee wangu," Mhina akasema, akijikuna bila kificho sasa, "kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake."

Bi Mwanahawa ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akashika ukuta, na wazee wakamfuata, na nyuma ya pazia sauti nyembamba ya msichana ikashindwa kujizuia. Koti likapelekwa kumwagiwa maji ya moto. Kanzu nayo ikafuata, na mshenga akapewa kanga mbili za bibi, akajitanda, akaimalizia posa akiwa hivyo, kwa heshima zote.

"Mpeni jibu," akasema Bi Mwanahawa. "Mtu mwenye majivuno kama yale, aliyekubali kuvuliwa koti mbele za watu kwa ajili ya mpwawe, ni mtu wa kuungana naye. Nami mkeka wangu umesafika."

Kibwana akaoa. Mzee Nyange hakulitazama tena dirisha lile alipopita na muhogo wake, ila alikisimulia kisa hicho sokoni kila alipopata msikilizaji. Watu wakalichukua neno, kwanza kwa hoteli, baadaye kwa kazi za wenzao, kwa nyumba za wenzao, na kwa ndoa za wenzao.

Bi Tausi akafunga msuko wa mwisho na kumgusa msichana begani ainuke. Aliyefuata akakaa, akawaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo, bibi, nyumbani kwa Salha kuna kunguni?"

"Sijui," akasema Bi Tausi akichukua kitana. "Wala wewe hujui. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake."