Boti ya Nyamwimbe Iitwe Nani?

Sogeeni, na anayetafuna atafune kimya, maana leo nawapa kesi iliyoushinda mji wangu. Na mji wangu si wa kushindwa ovyo.

Nyamwimbe tuna vijana watatu waliosomea kompyuta. Yupo Sikudhani, huyu ana haraka. Ukimwambia jambo, ameshalimaliza kabla hujafunga mdomo. Pazi ana utaratibu. Hata kwenye foleni ya maandazi anajua nani alimtangulia nani. Mwanahija anawajua watu. Akiuona uso wako anakutajia ukoo wako mpaka kwa babu. Nawasifu, ndiyo. Ni watoto wetu, nitawasifu mpaka mchoke.

Mwaka ule mto ulivunja kingo asubuhi, watu wakiwa mashambani. Tulikuwa na boti moja ya kuazima na mafuta ya kubahatisha. Waliokwama wakatuma ujumbe kwa simu: jina, kitongoji, na neno moja la mahali walipo, yaani paa, mti au dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunachokaa tukilinda mpunga. Ujumbe wote ukaingia kwenye orodha moja ndani ya kompyuta ya ofisi. Lakini mtu mwenye hofu hatumi mara moja. Anatuma, anatuma tena, shangazi yake anamtumia, jirani naye hakubali kupitwa. Nahodha akaifuata orodha kama ilivyo, akajikuta amerudi kwenye paa ambalo watu wake alishawashusha. Alikuja juu: "Mkinituma tena kule, mafuta yatakwisha na watu bado wako majini!"

Sikudhani akavuta kiti. "Niachieni." Akaandika mstari mmoja tu kwa lugha ya Python, akaimimina orodha yote ndani ya kitu kinachoitwa seti. Seti haikubali vitu viwili vinavyofanana. Kikija cha pili, inakitupa. Akaiambia ilinganishe jina na kitongoji. Orodha ndefu ikanywea hapo hapo, tukapiga makofi. Kama si Sikudhani, boti ingezunguka mapaa yale yale mpaka injini izime.

Pazi hakupiga makofi. "Dada, umevuruga foleni," alisema. Na kweli, seti inatupa marudio lakini haijali nani alitangulia. Waliotuma kwanza walikuwa watu wa bondeni, maana maji yalianzia kwao. Sasa majina yao yametawanyika huku na huko, na wa kilimani wamekaa juu ya orodha. Pazi akaichukua orodha ya awali, akaipitisha kwenye kitu kingine kiitwacho kamusi. Kamusi nayo hairudii jina, ila inakumbuka kila jina liliingia lini mara ya kwanza. Watu wa bondeni wakarudi mbele. Kama si Pazi, boti ingeanzia kilimani, na bondeni tungekwenda kuokota maiti.

Mwanahija ndiye aliyemshika nahodha mkono akiwa anaondoka.

"Subiri! Kuna ujumbe wa Kibwana Shamte wa Mpingoni, yuko juu ya paa. Na kuna wa Kibwana Shamte wa Mpingoni, yuko kwenye dungu. Kompyuta imembakiza mmoja tu."

"Si ndiyo kazi yake?" Sikudhani akasema. "Mtu mmoja huyo, kahama tu."

"Kahama vipi na maji yale? Babu na mjukuu hao! Mimi mwenyewe nimepewa jina la bibi. Nyumbani akiitwa Mwanahija, tunaitika wawili."

Kwetu ndivyo tulivyo. Kibwana Shamte akipata mtoto wa kiume humpa jina la baba yake, Shamte. Shamte huyo naye akipata wa kiume humpa jina la baba yake, Kibwana, basi na huyo mjukuu ni Kibwana Shamte. Mwanahija akaongeza neno la mahali kwenye kulinganisha, na yule wa dungu akarudi kwenye orodha. Walipomfikia, maji yalikuwa yanalamba sakafu ya dungu, mzee amesimama kakumbatia nguzo. Kama si Mwanahija, tungekuwa tumemfuta mzee wetu kwa mikono yetu wenyewe.

Hakufa mtu. Hakufa mtu! Hayo marudio msinifutie.

Sasa mji umepata boti yake yenyewe, mpya, na tumekubaliana ibebe jina la aliyewaokoa watu wa Nyamwimbe. Tukakusanyika kulichagua.

Kibwana mjukuu akasema, "Sikudhani. Bila yeye boti isingetufikia, ingebaki inazunguka."

Mama mmoja wa bondeni, aliyeshushwa mtini na mwanawe mgongoni, akasema, "Pazi. Wangechelewa kidogo tu, leo nisingekuwa na mtoto."

Mzee Kibwana akagonga fimbo. "Mwanahija. Ninyi mlikuwa mnachelewa kufikiwa. Mimi nilishafutwa."

"Si tuandike yote matatu?" mtu akauliza.

Nahodha akakataa. "Mtu akiwa juu ya paa anaita jina moja. Haiti kamati."

Tukawageukia wenyewe. Msidhani waliona haya. Kila mmoja alilitaka jina lake pale, akasema waziwazi, na mimi nikazidi kuwapenda kwa hilo.

Boti iko gatini, nyeupe, ubavu wake mtupu. Mvua zimekaribia. Fundi rangi ameshika brashi ananitazama mimi, nami nawatazama ninyi. Je, wewe ungemwambia aandike jina la nani?