Siku Atuganile Alipozuiwa Mlangoni

Hapo zamani, wanangu, wala si zamani sana, palikuwa na muuguzi aitwaye Atuganile. Alikuwa na miezi mitatu tu tangu atoke chuoni, akapangiwa kituo cha afya cha Ilolelo, milimani. Wauguzi wapya walifika Ilolelo wakaondoka, wakafika wakaondoka. Naye alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi.

Kilichomchosha ni Sista Tumpe, mkuu wa kituo. Kila asubuhi, mbele ya wagonjwa, alimsimamisha na kumuuliza: mama akijifungua akavuja damu, utafanya nini? Atuganile alijibu kama mtoto wa darasa la kwanza: nitakanda tumbo, nitachoma sindano, nitatundika dripu. Akikosea, anarudia. Wagonjwa wanacheka.

Jumatatu akaamua kuipeleka barua. Kwanza akampigia simu Lugano, rafiki yake wa chuoni, aliyeacha kazi hapohapo Ilolelo na kumwachia zamu zake zote.

Lugano akamwambia, "Ondoka, mwenzangu, sikukatazi. Ila usiondoke siku uliyoshindwa. Ondoka siku uliyoshinda."

Basi akangoja.

Alhamisi asubuhi, mama mmoja aitwaye Sekela alijifungua mtoto wa kike. Kondo la nyuma likatoka. Kisha damu ikatoka, ikatoka, haikukoma. Chumbani walikuwapo Atuganile na Mzee Ambakisye, msafishaji wa wodi, basi. Atuganile akasahau yote. Akaukimbilia mlango. Mzee Ambakisye akasimama mlangoni na dekio lake.

"Nipishe, baba, nimwite Sista."

"Ukitoka, huyu hutamkuta. Mimi sijui uuguzi, mwanangu. Wewe unajua. Niambie nishike nini."

Akarudi. Akakanda tumbo, laini kama unga uliozidi maji. Akachoma sindano. Akatundika dripu, mzee akiinua chupa juu. Akakanda tena, akakanda, mpaka tumbo likakaza kama ngumi. Damu ikapungua. Ikakoma.

Mlango ukafunguliwa. Sista Tumpe alikuwa nje muda wote, glavu ameshavaa.

Siku ile Atuganile alikuwa ameshinda, angeweza kwenda zake. Akaichana barua.

Sekela alipopata nguvu akasikia habari zote. Akasema mtoto ataitwa jina la aliyemfanya Atuganile abaki.

Sista Tumpe akasema, "Bila maswali yangu, mikono yake ingejua nini? Na ningeingia, angebaki mwanafunzi hadi leo."

"Ulisimama nje mtu akimwaga damu," akajibu Mzee Ambakisye. "Mimi ndiye niliyemrudisha kitandani."

"Si ungekuja kuniita wewe? Miguu ulikuwa nayo. Tena mtoto wa kike aitwe Ambakisye?"

"Jina halina ndevu, Sista."

Lugano naye akapigiwa simu. Akasema bila neno lake, Alhamisi ingemkuta Atuganile yuko kwao, na Sekela angekuwa kaburini. Sista Tumpe akamkumbusha kwamba anayejisifu kwa kumbakiza mwenzake, yeye mwenyewe alikimbia.

Wote wakamgeukia Atuganile. Aliyemfundisha alimwaibisha. Aliyemzuia alicheza na roho ya mtu. Aliyempa neno alimwacha peke yake. Na bila mmoja wao, asingekuwapo pale. Akampa Sekela kalamu.

Sekela ameshika kalamu, na kadi ya kliniki iko mapajani, pengo la jina likimngoja. Nyinyi mmesikia kama alivyosikia yeye. Je, aandike jina la nani?