Dirisha la Almasi ya Marjebi

Hapo kale, katika mji wa Marjebi uliojengwa kwa mawe ya chumvi nyuma ya majangwa matatu, alitawala Sultani Ghalibu bin Sarhani, naye alikuwa na farasi na bustani na majeshi, na juu ya hayo yote alikuwa na almasi moja ghafi, kubwa kama yai la bata bukini, na hapakuwa na mfalme duniani aliyekuwa na mfano wake. Lakini almasi za wafalme wengine zilikuwa na majina na nasaba kama watoto wao, na mabalozi walipozisifu, Sultani alikosa raha, kwa sababu yake ilikuwa bado na ngozi ya kijivu kama kipande cha magadi.

Basi akamwita Idarusi, fundi wa kukata vito, akamwambia, "Ing'arishe, lakini usiipunguze. Nataka ibaki kubwa kuliko zote."

Idarusi akaanza kama mafundi wote wanavyoanza. Almasi haikatwi ila kwa almasi, kwa hiyo mkewe, Hasina, alitwanga vipande vidogo vya almasi, akauchanganya unga wake na mafuta, na mumewe akausugua ubavu wa jiwe mpaka pakatokea mahali laini, padogo kama ukucha. Mafundi hupaita dirisha, maana hapo ndipo wanapochungulia kuona mshipa wa jiwe unakokwenda na waa lilipo. Na ni desturi yao kuliziba dirisha kwa nta kila wanapoiacha kazi. Lakini kazi hii ilifanywa ndani ya jumba la kifalme, na tangu siku ya pili Sultani alipenda kuchungulia pia, akasema, "Nta ya nini? Jiwe langu haliumwi." Idarusi akaona haya kumkatalia mfalme, akaliacha wazi.

Ndani mlikuwa na waa jeusi, dogo kama punje ya habasoda. Siku ya tatu lilikuwa limesogea. Siku ya tano lilikuwa na umbo la mtu aliyekaa, amewapa mgongo. Siku ya saba Idarusi alichungulia tangu asubuhi hadi adhuhuri, na yule mtu akageuka.

Alasiri hiyo alirudi nyumbani, akaketi akiuelekea ukuta. Hasina akampa mtoto wao wa kike, aliyekuwa bado ananyonya, naye akampokea kama mtu anavyopokea kuni. Mtoto hakulia. Alimtazama baba yake kama anavyotazama kiti.

"Wamekulisha nini huko kwa wakubwa hata umemsahau mwanao?" Hasina akamtania.

"Nimekula," akajibu.

"Sikukuuliza kama umekula, mume wangu."

"Nimekula," akasema tena, kwa sauti ile ile.

Hasina akamshika mkono. Dole gumba la mkata vito huwa jeusi kwa mafuta na unga, wala halitakati hata kwa majivu, lakini lake lilikuwa safi kama la mtoto mchanga. Akamtazama machoni, na humo hakujiona. Akalikumbuka dirisha lililoachwa bila nta.

Asubuhi akamfunga mtoto mgongoni, akaenda barazani, akapiga magoti.

"Maulana, Mungu akuzidishie umri na heshima. Mume wangu yumo ndani ya jiwe lako, na aliye nyumbani kwangu ni jini aliyevaa sura yake. Naomba ruhusa yako nilipasue."

Waziri akacheka. "Bibi, wenzako mume akinuna humpikia kitu kitamu." Na baraza zima likacheka naye.

Sultani akasema, "Nikilipasua nitabaki na mawe mawili madogo, kama wafalme wadogo. Hilo haliwezekani."

"Maulana, umechungulia siku ngapi?"

"Sita. Leo nitatimiza saba."

"Mume wangu alitimiza saba jana. Agiza bakuli la maji, ujitazame kwanza."

Likaletwa. Sultani akainama, na ndani ya maji akaona kilemba chake na vito vyake na ndevu zake, lakini kati ya kilemba na ndevu palikuwa na maji matupu. Akalisukuma bakuli mbali, na hakuna aliyecheka tena.

"Na ukikosea?" akauliza.

"Jiwe litakuwa unga, Maulana, na mume wangu pamoja nalo. Hasara yangu itakuwa kubwa kuliko yako."

Sultani akaagiza jiwe liletwe, na Hasina akachungulia mara moja tu. Idarusi alikuwa humo, mdogo kama punje, akipiga ukuta kwa ngumi bila sauti. Alipomwona mkewe akaacha kupiga, akapitisha kiganja chake taratibu toka juu hadi chini, kama alivyomwonyesha miaka minne yote waliyofanya kazi pamoja, na Hasina akajua mshipa ulipo. Akaliziba dirisha kwa nta, akachora ufa kwa kipande cha almasi, akasimamisha kisu juu ya ufa, akapiga nyundo mara moja.

Mlio wake haukuwa wa jiwe. Ulikuwa kama wa mlango unaofungwa katika nyumba isiyo na watu. Jiwe likawa vipande viwili, kila kimoja na nusu ya dirisha, na Idarusi akawa amelala juu ya zulia, baridi kama aliyetolewa kisimani, dole gumba lake jeusi. Mtoto akamwona, akaanza kulia akitaka kubebwa naye. Nyumbani, majirani walikuta nguo tu, zimeketi zenyewe, zimeuelekea ukuta.

Sultani akarudishiwa uso wake, ila wasema kwamba katika maji ulikuwa ukichelewa kidogo kupepesa. Akawapa Idarusi na Hasina nyumba na shamba, na almasi ndogo zote za hazina yake, wakatajirika. Kadhi alipoulizwa kama ndoa yao ingali halali baada ya jini kukaa nyumbani, alikuna kichwa, akasema, "Mas'ala haya sijayasoma popote. Nitawafungisha upya, tuwe salama." Wakaoana mara ya pili, na mtoto wao akala pilau ya harusi ya wazazi wake.

Vile vipande viwili Sultani akawatunukia wafalme wawili wa mbali. Nao wakaviita kwa majina makubwa, wakaifuta nta, na kila mmoja akaketi akichungulia. Nawe unayesikia haya, kizuri mno kitazame kidogo, kisha geuka uwatazame wa nyumbani kwako, wangali wanakujua.