Pole ya Kwanza

Haya, acheni mnachofanya, hii nawapa ikiwa ya moto! Zamani za zamani watu hawakuambiana pole. Hata kidogo! Mtu akiumia, wenzake walitimua mbio, maana sheria ya milimani ilikuwa hivi: anayetangulia kumfikia aliyeumia ndiye aliyemwumiza, na adhabu yake ni kuhama kijiji.

Basi siku moja Mbonea, mrina asali, akaanguka kutoka mtini, pu! Mguu ukavunjika. Akalia weee, na watu wakajibanza nyuma ya nyua zao wakichungulia. Nakunda, mfinyanzi mjane, naye alichungulia. Alizaliwa pale, na kaburi la mumewe lilikuwa pale, angekwenda wapi? Lakini kile kilio kilimchoma, akashindwa kuvumilia. Mara huyoo, mbio! Akakipakata kichwa cha Mbonea, na neno alilozoea kumtulizia ng'ombe wake mwenye kidonda likamtoka: "Pole, baba. Pole."

Lo! Kesho yake akaitwa barazani.

"Umekiri," akasema Mzee Mrutu, mkuu wa kijiji. "Kama hukumwumiza, kumbembeleza kote huko kwa nini?"

"Mzee wangu, mpaka nimwumize ndipo nimwonee uchungu?"

Mbonea alipiga kelele kwamba tawi lilikuwa bovu, lakini wapi! Nakunda akafunga virago, akajitwika chungu chake kikubwa, akaondoka machozi yakimtiririka.

Langoni akajikwaa. Chungu chini, vipande vipande! Damu kidoleni! Kijiji kizima kilikuwa kimesimama pale kumtazama akienda. Halafu Mbonea akaita kutoka kwenye machela yake: "Pole, mama!" Bibi mmoja akafuata: "Pole, mwanangu!" Wakadakia kumi, ishirini, wote, wanalia huku wanacheka! Mzee Mrutu akageuka huku na huku akitafuta wa kumfukuza. Afukuze nani, abaki na nani? Mwishowe akainama, akaokota kigae kimoja, akampa Nakunda.

"Pole, binti yangu," akasema. "Turudi nyumbani."

Na tangu siku hiyo, ukijikwaa njiani, hata mtu asiyekujua atakwambia pole. Ukiugua, ukifiwa, ukirudi shambani umechoka, utaambiwa pole. Na anayeisema haulizwi amekosa nini.