Mbwa Wawili wa Tumbo Moja

Watu hupenda kuitaja methali isemayo "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" pale mtoto wa jirani anapovunja dirisha. Wa kwao akivunja, husema ni upepo. Hata hivyo maana yake ni moja tu: kiumbe hushika tabia za mikono iliyomlea, na aliyelea vibaya asitafute wa kumsingizia. Ukitaka ushahidi, sikiliza yaliyotokea katika mtaa mmoja kwa sababu ya mbwa wawili.

Mbwa hao walizaliwa siku moja, tumbo moja, na walikuwa wa aina ambayo watu waliibandika jina la vichwa-nyundo kwa ajili ya vichwa vyao vipana. Mmoja alichukuliwa na msusi, mwanamke mcheshi ambaye saluni yake haikukaukiwa wateja. Wa pili alichukuliwa na kaka yake msusi, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye karakana yake ilitazamana na saluni, barabara ikiwa katikati. Fundi huyo aliitwa Cheche, kwa kazi yake na kwa hasira zake pia.

Mbwa wa msusi aliitwa Mkeka, kwa kuwa kazi yake kubwa ilikuwa kulala mlangoni ili wateja wamruke. Alikulia katika harufu ya mafuta ya nywele, soga na vicheko. Mteja alipoingiza kichwa ndani ya ile mashine kubwa ya kukaushia nywele, inayofunika mpaka masikio, Mkeka alijikokota taratibu akamlalia miguuni. Wateja wengine walikwishazoea joto lake, na asipokuja walimwita.

Cheche naye alimwita wake Radi. Karakana yake iliwahi kuibiwa, akaapa kufuga mnyama atakayemla mwizi pamoja na viatu vyake. Radi akafungwa mnyororo mfupi nyuma ya geti, asitembezwe wala asiguswe na mtu mwingine.

"Kaka, huyo mbwa mtoe nje azoee watu," msusi alimwambia mara nyingi.

"Wewe fuga mto wa kulalia," Cheche alijibu. "Mimi nafuga mlinzi."

Asubuhi moja Cheche alitoka kununua vyuma, akasahau kumfunga mlinzi wake na geti akaliacha wazi. Mchuuzi wa maziwa akasimamisha pikipiki yake hapo nje. Kabla hajavua hata kofia, Radi alikuwa amekwisha kumng'ata paja.

Mtaa mzima ulichemka. Jioni hiyohiyo mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano palepale barabarani, mbele ya saluni. Mchuuzi aliketishwa kwenye kiti cha saluni, paja limefungwa bendeji. Mkeka alikuwa amelala mlangoni kama kawaida yake, hana habari. Msusi alimtazama kaka yake akitarajia aombe radhi, yaishe.

Wapi! Cheche alijitoa kimasomaso.

"Mwenyekiti, mnanionea bure," alisema. "Mimi kosa langu nini? Hawa vichwa-nyundo wamezaliwa hivyo. Ukali uko damuni. Leo ni huyu, kesho ni mwingine."

Macho yote yakamgeukia Mkeka. Wanawake waliokuwa wakipashwa joto na mgongo wake juzi tu, sasa walivuta watoto wao karibu.

"Waondolewe wote!" sauti zilipazwa. "Wote wawili!"

Mwenyekiti akainua mkono. Daktari wa mifugo angeitwa kesho asubuhi, aje na sindano, na mtaa usibaki na kichwa-nyundo hata mmoja. Msusi akamkabili Cheche.

"Kaka! Unajua unachokisema? Unamuua Mkeka ili wewe usiseme pole?"

Cheche alitazama viatu vyake. Msusi akapiga moyo konde, akamgeukia mwenyekiti.

"Mbwa wangu hajamng'ata mtu. Mpimeni kwanza. Akionyesha jino hata moja, mchukueni, sitasema neno."

"Apimwe vipi?"

"Nitampima mimi," alidakia Cheche, ambaye maji alikwisha kuyavulia nguo. Alivuka barabara mbio, akarudi amevaa glavu za ngozi na ile kofia ya chuma ya kuchomelea, yenye kioo cheusi kinachoficha uso wote. Mkononi alishika fimbo ya chuma. Kwa haraka yake, geti la karakana aliliacha wazi tena.

"Hakuna kichwa-nyundo anayeistahimili hii kofia," alisema, sauti ikinguruma ndani ya chuma. "Ngojeni mwone."

Watu wakarudi nyuma, wakibanana. Cheche akamwendea Mkeka kwa kishindo, akaipiga ile fimbo chini, kwang! Mkeka akainua kichwa. Akasimama. Msusi alikuwa roho mkononi. Mkeka akaikaribia ile kofia ya kutisha, akanusa, akazunguka mara moja, halafu akajibwaga juu ya viatu vya Cheche na kushusha pumzi ndefu.

"Kaona mteja wa kukausha nywele!" akapayuka mama mmoja.

Kicheko kililipuka! Watu walipiga makofi, wakapiga vigelegele, na msusi akarukaruka kama mtoto. Hata mchuuzi wa maziwa alicheka mpaka akakumbuka paja lake.

Kicheko kikakatwa na mngurumo kutoka ng'ambo. Radi, aliyekuwa amefungwa tena mnyororo baada ya tukio la asubuhi, alikuwa ameiona ile kofia kupitia getini. Akajitupa mara ya kwanza, mnyororo ukamrudisha. Akajitupa tena, na kiungo ambacho Cheche mwenyewe alikichomelea kwa pupa kikaachia.

Mguu niponye! Watu walitawanyika, viti vikapinduka, mwenyekiti akajikuta juu ya meza bila kujua amepandaje. Mchuuzi alibaki kitini, hawezi kukimbia, akafumba macho. Lakini Radi alimpita. Alimpita mwenyekiti na meza yake, akampita Mkeka, akamrukia Cheche, akamwangusha chini na kuuvamia mkono wake.

"Radi! Ni mimi!" Cheche alipiga kelele, lakini kutoka ndani ya chuma, ile haikuwa sauti ya mtu anayejulikana.

Msusi akang'amua.

"Vua kofia, kaka! Vua kofia!"

Mkono mmoja ulikuwa kinywani mwa Radi, wa pili ukihangaika na mkanda. Basi msusi akakimbilia palepale penye meno, akaishika kofia kwa mikono miwili na kuing'oa. Uso wa Cheche ukatokea, umelowa jasho.

Radi aliachia papo hapo. Masikio yakalala, tumbo likagusa lami, akaanza kutetemeka mwili mzima, akingoja kipigo.

"Hata mimi asubuhi nilikuwa na kofia," mchuuzi wa maziwa alisema polepole. "Ya pikipiki."

"Kaka," msusi akauliza, "umemfanya nini huyu mbwa?"

Cheche aliketi chini, machozi yakimtoka mbele za watu.

"Nilikuwa navaa hiyo kofia, namchoma kwa fimbo. Halafu naenda kuivua, narudi na chakula. Nilitaka achukie watu wote, anipende mimi peke yangu."

Mwenyekiti alishuka mezani, akajipangusa vumbi na kujikohoza. Akatangaza kwamba sindano haitaletwa. Cheche atamuuguza mchuuzi mpaka apone, na Radi hatarudi karakanani.

"Atakaa kwangu, nyuma ya saluni," alisema msusi. "Itachukua muda, lakini atajifunza. Na wewe kaka utakuja kila siku kukaa naye sakafuni, uso wazi."

"Usukwe kabisa!" akachombeza yule mama, na watu wakacheka tena.

Mkeka alikuwa amejikokota hadi kwa ndugu yake, akamlalia ubavuni. Radi hakuacha kutetemeka, lakini hakumfukuza.

"Haya, Cheche," mwenyekiti akauliza, "bado ukali uko damuni?"

Cheche aliushika mkono wake uliochanika, akawatazama wale mbwa wawili, akatikisa kichwa.

"Haukuwa damuni, mwenyekiti. Ulikuwa mikononi mwangu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."