Mguu wa Wakesho

Mguu hupimwa ukibeba. Mlinisikia nikimwambia hivyo mwenzenu Mwakio alipokuwa akijigamba, mkacheka, kisha mkataka kujua nani aliyesema hivyo kwanza. Msiwasingizie mababu. Methali hii ilizaliwa hospitalini, mbele ya mashine ya eksrei, na mama yake ni Wakesho wa Mgange.

Wakesho alilima kabichi kwenye matuta ya mlimani. Goti lake la kushoto lilikuwa limepinda kwa nje, tege la upande mmoja, na kila mwaka lilizidi kupinda na kuuma. Wanawe walitaka kumshusha mjini Voi akakae barazani. Walisema kwa upendo, lakini yeye aliona ni kuzikwa kabla ya siku zake.

"Shamba langu liko juu," aliwajibu, "na mimi nitakuwa juu."

Akakongoja na fimbo yake hadi hospitali moja ya pwani, kwa Daktari Nzomo, bingwa wa mifupa.

"Goti lako bado lina upande mzima," Nzomo alimweleza. "Nitaukata mfupa wa muundi chini ya goti, nifungue mwanya pale nilipoukata ili unyooke, kisha niushikize kwa bamba la chuma. Uzito utahamia upande ule mzima. Ila mfupa haukatwi kwa kubahatisha. Nikikosea, nitakuongezea ulemavu."

Ndiyo maana alipanga kwanza kwenye kompyuta. Programu yake ilichora mstari kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu, ikaukata mfupa kwenye picha ya eksrei aliyokuwa amepigwa na kuunyoosha, ili ajue aufungue kiasi gani kabla ya kugusa kisu. Wakesho alitazama mguu wake ukikatwa bila damu, akaguna. Mfupa ulihitaji kufunguliwa kidogo tu. Alifurahi kweli.

Nzomo akamwomba atembee hadi mlangoni na kurudi. Kila alipokanyaga, goti lilichomoka nje. Daktari akautazama mguu, akaitazama kompyuta, akautazama mguu tena.

"Mama, picha hii ulipigwa umelala?"

"Ndiyo, dakta. Nilishindwa kusimama, wapiga picha wakanihurumia, wakanilaza."

Nzomo akaufuta mpango wote. "Kosa ni langu, nilipaswa kuuliza mapema. Mguu ukilala hupumzika, ukaonekana umenyooka kuliko ulivyo. Kompyuta huamini inachopewa. Nikikata kwa picha hii nitautibu mguu wa kitandani, na ukirudi mlimani utarudi na tege lako."

"Basi nisimame."

"Kwa miguu yote miwili sawasawa. Bila fimbo, bila kushika kitu."

Kusema ni rahisi. Katika chumba cha eksrei Wakesho alisimama, na mwili wake ukakimbilia mguu wa kulia, kama ulivyozoea miaka yote ile. Akajaribu tena, ukakimbia tena. Jasho lilimtiririka, naye akaukasirikia mwili wake mwenyewe. Zamzam, mpigaji picha, akamletea kiti.

"Pumzika, mama. Tutajaribu siku nyingine."

Wakesho alikitazama kile kiti, akaona baraza la Voi.

"Kiondoe," alisema. "Niletee ndoo ya maji, nusu."

Akaviringisha leso yake, akafanya ngata, akaiweka kichwani. Mwanamke yeyote aliyewahi kuchota maji mlimani anajua: ukiwa na ndoo kichwani huwezi kuegemea upande. Ukiegemea, unaoga.

"Dakta, ataanguka," Zamzam alinong'ona.

Nzomo akavaa aproni ya kukinga miale, akasimama karibu, tayari kumdaka. Wakesho akaipokea ile ndoo, akajitwika.

"Mwanangu," alimwambia Zamzam, "mguu hupimwa ukibeba. Piga."

Maumivu yalimpanda kutoka goti hadi kwenye meno. Aliuma mdomo. Mabega yalikaa sawa, miguu yote ikashika uzito, na maji hayakumwagika.

Picha mpya ilipoingia kwenye kompyuta, mstari ulipita mbali na katikati ya goti. Mfupa ulihitaji kufunguliwa karibu mara mbili ya mpango wa kwanza. Nzomo alipanga upya taratibu, akapima na kupima tena, ndipo akapasua.

Kupona hakukuwa lelemama. Wakesho aliyatukana magongo, alilia kwenye mazoezi, na kesho yake alirudi mazoezini. Miezi ikapita, mfupa ukaunga, Nzomo akamruhusu arudi kwenye kazi zake. Zamzam naye aliuchukua ule msemo, akawaambia wagonjwa wote walioomba kupigwa picha wakiwa wamelala, nao wakauleta hadi kwetu.

Msimu wa kabichi ulipofika, mwanawe mkubwa alimkuta shambani akijaza kikapu.

"Mama, daktari amekwisha kusema umepona. Niachie mimi nibebe."

"Daktari amesema lake," Wakesho alijibu. "Bado mlima haujasema."

Akajitwika kikapu, akapanda tuta baada ya tuta bila fimbo, hadi barabarani. Hapo akageuka, akamngoja kijana wake aliyekuwa akihema huko chini.

"Sasa nimepona," alisema. "Mguu hupimwa ukibeba."